Fomu ya Skola

Jumanne, Juni 1977

Nusura nimpige mdogo wangu leo, na katika nyumba hii yote yeye ndiye anayenichekesha. Kwenye fomu ya chuo cha ualimu, wanapouliza kama amewahi kusimamishwa shule, Skola kaandika "hapana".

"Na ulipoibia mtihani wa hesabu, wakakurudisha nyumbani mwezi mzima?"

"Dada, wakijua hawanichukui! Wanachukua wachache mno."

"Kata hapo, uandike kweli."

Akaandika huku analia, akamalizia: "Nilikosa, nikarudi, sijarudia." Hayo sikumfundisha mimi. Nikamfuta machozi kwa pindo la mbeleko.

Balozi wetu wa nyumba kumi, anayetakiwa kushuhudia tabia yake, aliisoma polepole. "Mwanangu, hii ni fomu au unaungama kwa padri?" Skola akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Mzee akaandika kwamba binti huyu hakosi shamba la kijiji, hata siku za baridi kali. Akatia sahihi.

Posta nimekwenda mwenyewe, mtoto mgongoni. Wakimwacha, mimi ndiye niliyemponza...

Bahasha niliitumbukiza haraka, maana mkono ulishaanza kuirudisha.