Mhuri wa Kupokelea Vifurushi

Japani, siku ya tatu ya theluji

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Na wewe Katekista Gaspari, shikamoo, kwa kuwa najua ni wewe unayemsomea Baba barua hii tangu macho yake yaingie ukungu. Nisamehe kwa mwandiko, vidole vimekufa ganzi. Nakuomba usome polepole, na usiruke mstari hata Baba akikuambia uruke.

Baba, mgongo unaendeleaje? Nauliza kwa sababu msimu huu una shamba kubwa kuliko la mwaka jana, na sidhani kama Mama ana nguvu za kuchimba ngolo zote hizo, mashimo yetu ya kilimani, peke yake. Mimi mzima wa mwili. Ningeweza kupiga simu, lakini ungekata. Barua haikatwi.

Masomo yanaendelea. Asubuhi tunasoma siasa, mchana Kijapani na desturi zao. Jioni naosha vyombo kwenye mgahawa wa tambi, kwa maji ya moto yanayobabua ngozi mpaka kwenye viwiko. Nasikia bado unawaambia watu kilabuni kwamba nikirudi nitateuliwa mkuu wa wilaya. Waambie kwa sasa mkuu wa wilaya anasugua masufuria. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba mtu hahitaji bunduki kumnyang'anya mwenzake, inatosha awe yeye tu anayeweza kusoma karatasi. Niliandika hayo kwenye daftari nikadhani yanahusu marais.

Kuna desturi moja ya hapa sijawahi kukueleza. Kila mtu ana mhuri wake. Ni kijiti kifupi kama kidole cha mtoto, kimechongwa jina lako, na wino wake ni mwekundu. Wa kwangu nilinunua dukani, pale wanapouza kalamu na gundi. Postamani akileta kifurushi, nagonga kuonyesha nimepokea. Nimeugonga kupokea gunia la mchele. Nimeugonga kupokea koti la mtumba. Hiyo ndiyo kazi yake, Baba. Si mhuri wa chuo, si wa ubalozi, si wa serikali yoyote.

Sasa Katekista, hapa ndipo nilipotaka tufike, maana wewe ndiye karani wa baraza la kijiji na karatasi yangu ya kwanza uliipokea kwa mikono yako.

Baba alinipigia mwezi ule wa kuvuna mahindi. Alisema yule Mjapani aliyeishi kwetu kabla sijazaliwa, aliyezunguka kilima chote akipima mashamba na kuuliza ya nani, lazima kitabu chake kipo huku. Nikitafute, nitafsiri ukurasa wa shamba la marehemu Baba Mdogo Otmari, niandike kwamba ni la kwake yeye, Bosko, nipige mhuri. Kitabu nilikipata maktaba siku ileile. Nilisoma ukurasa ule nikaelewa kila neno. Kisha nikaandika ulichoniagiza, Baba, nikagonga mhuri wa vifurushi, nikakutumia.

Sitajificha nyuma yako. Nilikuogopa, ndiyo, lakini pia nilitaka unisifu. Ulinisifu. Ulinisimulia jinsi wajumbe walivyosimama kuitazama ile karatasi, na mmoja akavua kofia mbele ya mhuri mwekundu wenye maandishi asiyoyajua. Halafu ukanisimulia Mama Mdogo Agnela, mjane wa Otmari, alivyotolewa shambani.

"Kakaa ndani ya shimo la ngolo kama kuku anayeatamia," ulisema. "Mgambo wakambeba juujuu. Kanga moja imebaki kwenye maharage, mpaka leo ipo inatishia ndege."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Nami nilicheka, Baba. Nilisimama kwenye kituo cha treni, kati ya watu wasiojua lugha yangu, nikamcheka mjane aliyebeba tranka langu kichwani kutoka kwetu mpaka Kigonsera siku naanza sekondari, kwa sababu wewe siku hiyo ulikuwa umelewa. Hakujaliwa mtoto, na watu walimsema kwa hilo, na wa kwanza kumsema ulikuwa wewe. Mtoto aliyemlea ndiye huyu aliyemwandikia karatasi ya kumtoa.

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa Kijapani, mama mzee mwenye sauti ndogo, aliniita mbele ya darasa. Alikuwa ameona kwenye orodha ya maktaba kwamba nilikiazima kitabu kile, na akaona humo kijiji changu. Alidhani ananipa zawadi. Akafungua ukurasa uleule, akasema nisome kwa sauti, kisha nieleze maana yake. Mbele yake sikuweza kubadili hata neno. Katekista, andika, maana sasa natafsiri kwa haki, na maneno haya ni ya Baba mwenyewe, aliyomwambia Mjapani:

"Hapa si kwangu. Hapa ni kwa mdogo wangu Otmari. Yeye alifyeka na kulaza nyasi, mkewe Agnela akafukia udongo na kuchimba mashimo. Mimi wakati huo nilikuwa kilabuni. Otmari akitangulia, shamba ni la Agnela. Atakayemtoa, hata nikiwa mimi, asizikwe na ukoo wetu."

Na chini yake Mjapani ameongeza kwamba mwenyeji wake Bosko alimwomba amsomee tena, ahakikishe yameandikwa yote.

Mwalimu aliniuliza huyu Bosko ni nani. Nikasema ni baba yangu. Akainamisha kichwa, na darasa zima likainama, akasema nina bahati ya kuzaliwa na mtu mkweli.

Mama Mdogo sasa yuko Liuli, ziwani, kwa kaka yake, anaanika dagaa za watu. Jumapili alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya huyo kaka. Alisema, "Leokadia mwanangu, nasikia masomo yanakwenda vizuri. Mie huku najizoeza mchanga, jembe nimelitundika. Mungu akutunze, usisahau kuvaa soksi." Hajui nani aliandika ile karatasi. Anadhani ni Wajapani. Nakala ya barua hii nimemtumia leo, kwa hiyo atajua, na sitegemei kusikia tena habari ya soksi.

Baba, najua utasema nimekuvua nguo mbele za watu. Ni kweli, nimekuvua. Nilitafuta moyoni mwangu huruma ya kukuonea nikaikosa, labda kwa sababu tangu utotoni ulinionyesha jinsi ya kuishi bila hiyo. Usinitumie Mama aje anililie kwenye simu.

Msalimie Mama, ambaye alijua na akaendelea kupika. Msalimie Shangazi Filomena wa vitumbua pale stendi ya Mbinga, aliyethubutu kusema haki ya Agnela, ukamfukuza msibani kwa Baba Mdogo. Wasalimie wajumbe wa baraza, hasa yule aliyevua kofia. Mwambie aivae, kuna baridi.

Katekista, usikunje karatasi bado. Chini ya jina langu kuna mhuri, mwekundu, uleule. Mshike Baba kidole umwekee juu yake. Akisema huu ni kijiti tu cha kupokelea vifurushi, andika hivyo kwenye kitabu cha baraza, maana ile karatasi ya kwanza haikuwa na mhuri mwingine. Akisema ni mhuri mkubwa wa Japani, basi kwa barua hii Japani imeshasema shamba ni la Agnela. Mwulize anachagua lipi, na mngoje ajibu, hata kama ni mpaka jioni.

Ni mimi binti yako, niliyetii mara moja zaidi ya ilivyotakiwa,

Leokadia