Koti Jeupe Limenikaa

Jumanne. Ukungu wa Mbeya leo umegoma kuondoka. Saa nane mchana wodini bado taa zinawaka.

Nianze na sifa zangu. Koti jeupe limenikaa! Wadada wa mtaa wetu wa Soweto mngeniona mngeugua makusudi. Mimi Aswile, niliyeishia kidato cha pili, mfagizi wa kituo cha afya, leo nimekuwa nesi.

Iko hivi. Wodi ya wagonjwa na ya wazazi zote zina nesi mmoja, Sista Tumpe. Wenzake wawili walihamishwa, hawajaletwa wengine. Kaandika barua mpaka kalamu imechoka. Leo wageni wa ukaguzi wakaja, bosi akaniita stoo, akanivalisha koti. "Simama wima, funga mdomo."

Kusimama nilisimama. Mdomo ndio shida. Mgeni mmoja kaniuliza kazi inaendaje, nikamjibu, "Tunatosha kabisa, mheshimiwa." Akaandika.

Hakuna aliyenituma kusema vile. Ni utamu wa koti.

Wageni wakaaga. Hawajafika hata getini, Bibi Ndele wa kitanda cha nne akaita. "Daktari, mwanangu, mbona damu inapanda kwenye mpira?"

Dripu yake ilikuwa imekauka. Nikashika mpira, nikauachia, nikashika tena. Sijui hata kinafungwa kipi. Nikabaki nimesimama wima, kama nilivyoagizwa.

Sista alikuja mbio kutoka kwa wazazi, akavua glavu zenye damu, akafunga mpira. Bibi yuko salama. Sista akaliangalia koti kwanza, halafu mimi.

"Wageni wamenipitia wakitoka. Umewaambia tunatosha?"

"Nilikuwa najisifu tu, dada."

"Mwaka mzima naomba watu, Aswile. Wewe umenijibia kwa sentensi moja."

Nikalivua koti, nikashika fagio langu.

Wakati natoka nikapita ubaoni. Wageni wanarudi kesho kuangalia ratiba ya zamu, kwa hiyo bosi kabandika mpya. Sista yuko kwa wazazi kutwa nzima. Wodi ya wagonjwa ina jina moja tu, kwa herufi kubwa zilizonyooka.

Langu.

Koti nimelikunja, nimelifunga kwenye mfuko. Kesho wageni wakitia mguu tu, nawakabidhi, nawaambia mimi ni mtu wa fagio. Kazi ikiota mbawa, iote.

Ila dripu ya Bibi Ndele inawekwa saa kumi na mbili asubuhi. Wageni watafika saa nne.

Hapo katikati, nesi ni nani?