Nyasi za Godoro la Arusi

Rumonge,
mwezi 12 Rajabu 1331

Mpendwa mdogo wangu Batuli,

Amahoro na salamu nyingi zikufikie huko Ujiji, wewe na shemeji Alimasi. Ile homa imekuacha? Unakula vizuri? Sisi huku miili mizima, alhamdulillahi, ila roho yangu inachemka kama chungu cha mawese, na nisipokueleza nitapasuka.

Nimegombana na mjomba Maneno. Sisemi naye. Chakula chake nampelekea kwa mkono wa mtu mwingine.

Unaikumbuka bustani ya nyasi ya yule Mdachi, ambako mjomba ni nyapara. Tulivyomcheka! Mtu mzima anavuka bahari kuja kupanda majani ya ng'ombe! Kumbe alikuwa na akili yake. Alikusanya nyasi za Kabezi, za Minago na za milimani, kila aina na kitalu chake: ndefu, fupi, zenye manyoya, zinazotambaa. Akasema kila moja ina kipaji chake, naye ataziozesha kama watu, ile ndefu ya mtoni na ile fupi ya mawe ya Minago, apate mtoto mwenye kimo cha baba na uvumilivu wa mama.

Kiangazi cha mwaka jana hatukucheka tena. Nyasi zote zilikauka zikawa vijiti, ile fupi ikabaki mbichi. Bwana Mdachi alituruhusu kuchukua zilizokatwa, na ndizo zilizomwokoa ng'ombe wetu Bihogo. Unajua Bihogo ni nini kwa Mama. Ugonjwa wa sotoka ulikomba zizi zima, akabaki na ndama mmoja, na Bihogo ndiye wa mwisho wa ukoo ule.

Sasa sikia. Ikaja habari kwamba mkubwa wa Wadachi atatembelea bustani, na bwana mwenyewe yuko safarini Usumbura. Mjomba akafanya kama tufanyavyo sote mgeni akija: fyeka, fagia, ficha kibaya. Eti nyasi fupi zinatia aibu! Aling'oa vitalu vyote akavichoma, akaacha ile ndefu tu. Bwana aliporudi alikaa chini mavumbini. Batuli, mimi nilimwonea huruma Mdachi, mimi!

Na mjomba haombi radhi. Anasema majani ni majani. Majani ni majani! Hiyo ndefu yake imeshakauka, Bihogo anailamba na kuiacha. Ana mimba, mbavu zote nje, tunamlisha mashina ya migomba. Mama haondoki zizini. Nimekwenda mwenyewe mpaka Minago kuitafuta ile fupi, kumbe ule mteremko wa mawe wameulima muhogo hadi juu. Nimerudi nalia kwa hasira njia nzima.

Ndipo nikaikumbuka barua yako. Ulilalamika kwamba godoro la arusi yako linakuchoma mgongoni, nami nikasema huyu ameanza madeko ya mjini. Godoro lile Mama alilijaza mwenyewe, kama desturi yetu, na alichagua nyasi ile fupi ya Minago kwa ulaini wake. Aliikata pamoja na masuke. Kinachokuchoma, mdogo wangu, ni mbegu.

Lipasue. Najua godoro la arusi halifumuliwi kabla ya mtoto wa kwanza, na mama mkwe wako atanuna. Anune! Mwambie ni amri ya Mama. Usiyakung'ute masuke, yafunge kwenye kanga, umpe Juma anayekuletea barua hii, atarudi na mtumbwi wake wa mawese. Mimi nitakutumia usufi ujazie tena. Mvua za kwanza zikidondoka nitapanda nyuma ya nyumba yetu, na mjomba akikanyaga hapo na jembe lake atanitambua. Huenda Bihogo asiwahi kuzila nyasi hizo. Basi azile ndama wake.

Mama anakusalimu, shangazi Sharifa anakusalimu, na Asiya anauliza lini utakuja. Mjomba Maneno naye anakusalimu. Hilo nimeliandika kwa sababu Mama amesimama nyuma yangu.

Mungu akulinde, akupe kizazi chema, na akupe usingizi mzuri juu ya mkeka.

Wako akupendaye,
dada yako Kulthumu