Tundu Katikati ya Pesa ya Bukini

M'Ikiara rafiki yangu,

Ni mimi Mutuma, jirani yako wa Kibirichia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Siku hizi nasoma ngumbaru, na mwalimu alisema kati ya wazee hakuna anayenishinda. Alisema mara moja tu, lakini nilisikia vizuri.

Viazi tumevuna mara mbili tangu tukuzike. Vyangu ni vikubwa kuliko vya shamba lako, lakini mke wako Mama Kathure anajitahidi.

Sasa nisikize. Ile pesa ya Wafaransa uliyotoka nayo vitani, kule kisiwa cha Bukini, nimeipeleka kwa padri anayejua Kifaransa. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza. Akasema ni nikeli, pesa ya kujaribu tu. Walitengeneza chache sana, kabla ya mimi na wewe kuzaliwa, wakubwa waangalie kama inapendeza. Haikuenda sokoni. Pengine Kenya yote ni hiyo peke yake. Halafu akauliza, "Na ni mjinga gani aliyeitoboa?"

Nikamwambia sijui.

Wewe unajua. Nilikuwa nakwambia kila siku, pesa bila tundu ni ya kupotea. Senti za mkoloni zilikuwa na tundu, tukazifunga kwa kamba, nani alipoteza? Wewe ukakataa. Siku ulipoisahau kwangu nikachukua kekee yangu ya useremala. Nikeli ni ngumu, ilinivunjia vyuma viwili, lakini nilitoboa katikati kabisa. Fundi mwingine Meru hii hangeweza. Ukaniambia, "Mutuma, hiyo haikuwa mbao yako." Ukamaliza msimu mzima bila kunisalimia. Na mimi sikuomba msamaha. Nilijua niko sawa.

Lakini Mama Kathure ameniambia, siku ya kukuosha waliikuta shingoni mwako. Kamba imepita kwa tundu langu. Miaka hiyo yote, chini ya shati, na hukuniambia. Mtu mkaidi wewe.

Amenipa niitunze. Iko hapa kifuani nikiandika.

Basi, M'Ikiara. Nilikosea. Hilo neno nimelijaribu kwanza kwa karatasi nyingine, mara tatu, lisije likaharibika hapa. Kesho narudi kwa padri nimwambie mjinga mwenyewe ni mimi. Na watoto wangu nimewaambia wasinivue hii kamba. Siku nikija huko nitakuvalisha mwenyewe.

Pumzika, ndugu yangu. Lakini ukiipima utaona, tundu liko katikati.

Mutuma