Sarafu ya Malkia kwenye Kopo la Vifungo

Jumanne, 1 Oktoba

Simu ya Hamisi imelia saa moja kamili asubuhi. Hulia kila siku. Kengele aliipa jina: BEI. Nimeizima, nimefungua mtandao, nimeangalia. Dhahabu imepanda. Sijui naangalia ya nini. Leo siku ya themanini na moja tangu afe, na bado namwangalizia bei.

Sare kumi na mbili za kumaliza wiki hii. Wateja wananiletea vitambaa mlangoni, wananipa pole, wanaondoka haraka. Mjane wa edda hana mazungumzo. Nguo nyeupe, bila wanja, bila manukato, bila dhahabu, mpaka miezi minne ya mwandamo na siku kumi zitimie. Sioni tabu. Sina pa kwenda.

Mama mkwe kaleta ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Nimekula. Haikuwa na ladha, au mimi ndiye sina.

Alhamisi, 3 Oktoba

Niandike hili, maana hakuna niliyemwambia.

Kwenye sanduku la vifaa la Hamisi, chini ya spana, kuna sarafu sita za dhahabu. Za Uingereza. Wakia moja kila moja, kila moja kwenye kikasha chake cha plastiki. Nne zina kichwa cha Malkia, mbili za mwisho zina Mfalme. Upande wa pili mwanamke wa Kiingereza kashika ngao na mkuki wa meno matatu. Hamisi alimwita Bibi Britania. Pembeni yake kuna kialama: ukiinamisha sarafu ni kufuli, ukiinamisha tena ni mkuki. Alinionyesha kwa tochi, mtu mzima wa miaka hamsini na nne, anachekelea.

Alikuwa fundi mitambo kwenye visima vya gesi, upande wa Mnazi Bay. Mwingereza mmoja wa kazini alimnunulia kwao kila alipokwenda likizo. Na risiti juu. Hamisi hakutaka kiwanja wala bodaboda za kukodisha. "Korosho ina mvua," alisema. "Benki ina foleni. Nyumba ina ndugu. Dhahabu haina ndugu."

Ya kwanza kabisa ilikuwa ndogo, robo wakia. Ilikuwa yangu. Tulikuwa tumetimiza miaka kumi ya ndoa, bila mtoto, na watu walishaanza kumtafutia mke wa pili. Akaniwekea kiganjani. Nikaigeuza, nikauliza tundu la kupitishia mkufu liko wapi. Akasema haitobolewi, haisuguliwi, haiguswi kwa vidole. Inakaa kwenye plastiki, bei inapanda.

Nikamwambia bibi yangu alivaa pauni ya dhahabu shingoni mpaka uzeeni na kila mtu akajua ni mke wa mtu. Dhahabu isiyovaliwa ni msumari. Kaa na msumari wako. Nikamrudishia.

Alicheka, lakini kidogo. Hakunipa nyingine. Zile sita alinionyesha tu. Ile ndogo sijui aliipeleka wapi. Nadhani aliiuza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wamekuja baada ya adhuhuri. Shemeji Selemani, mdogo wake Hamisi, na Sheikh. Mimi nyuma ya pazia, Mama mkwe kando yangu anamenya mhogo. Mhogo hausubiri mirathi.

Warithi ni watatu. Mimi robo, maana sina mtoto. Mama theluthi. Selemani kinachobaki. Sheikh kasoma orodha: nyumba hii ya Chuno, mikorosho michache ambayo wote tunajua imezeeka, pikipiki, vyombo. Selemani anataka nyumba iuzwe tugawane. Anasema kwa upole. Nampenda shemeji yangu, lakini upole wake una haraka.

Sheikh akauliza, "Bi Zuhura, kuna kingine alichoacha marehemu?"

Nikasema hakuna.

Ilitoka yenyewe. Sikutetemeka. Mama mkwe aliendelea kumenya. Nilikuwa nikiwaza cherehani yangu itakaa wapi.

Jumapili, 13 Oktoba

BEI. Imepanda tena. Hamisi angepiga makofi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Selemani kaleta mnunuzi. Mwanamume mwenye kalamu sikioni. Kapima ukumbi kwa hatua. Kagonga ukuta wa chumba chetu kwa vifundo vya vidole, kasema tofali ni nzuri. Pazia halikumzuia. Mimi nimekaa na sindano mkononi. Akapima mpaka nilipokaa, akazunguka kiti changu, akaendelea kuhesabu.

Nimefikiria hivi. Edda ikiisha, nauza sarafu nne kwa yule mnunuzi wa Dar ambaye Hamisi alihifadhi namba yake. Nalipa fungu la Selemani na la Mama, nyumba inabaki kwangu. Wakiuliza fedha imetoka wapi, nasema ni ya kikundi cha akina mama, nimekopa. Watu wanakopa vikundini kila siku.

Ni mpango mzuri. Sioni aibu. Hilo ndilo linanishangaza kidogo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mama mkwe kahamia. Hakuuliza. Kaja na godoro, sufuria yake na kikapu cha mabibo, nyumba nzima inanukia. Anasema mjane hakai peke yake. Mimi nadhani anataka kukaa alipokaa mwanawe kabla hapajauzwa.

Anakosoa chumvi yangu, kanga zangu nilivyozianika, hata nilivyochoma udi. Miaka ishirini na moja ananikosoa. Mzazi wake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na mbegu za mhogo kichwani, basi hakuna mtu anayejua kulima, kupika wala kufiwa kumzidi yeye.

Jioni kalia peke yake jikoni. Nilimsikia. Nikatamani nami nilie, hata kwa kumwigiza. Wapi.

Jumapili, 27 Oktoba

Mteja anataka koti la marehemu babake lirekebishwe. Limekosa kifungo kimoja, cha zamani, cha rangi ya shaba. Nikashusha lile kopo la vifungo mchanganyiko juu ya kabati. Silifungui ila mara moja moja, vifungo vyake nimevirithi kwa fundi aliyenifundisha. Nikamwaga mkekani.

Imo.

Ile ndogo. Ndani ya plastiki yake, ndani ya bahasha ya risiti iliyokunjwa mara nne. Juu ya bahasha mwandiko wa Hamisi, herufi za fundi, zimesimama wima: YA ZUHURA. AKITAKA.

Hakuiuza. Hakuniambia. Aliiweka kwenye kopo langu, akangoja.

Nimekaa na vifungo mpaka mkeka umenichora miguuni. Mama mkwe akauliza nimepotewa na nini. Nikasema kifungo.

Sikulia. Niliumia mahali fulani, lakini mbali, kama jino lililopigwa ganzi.

Jumatano, 30 Oktoba

Sijashona siku tatu. Sare za watu zinalala.

Ninayo karatasi. Mwandiko wake, jina langu, kopo langu. Nikiionyesha, nani atapinga? Nitasema zote saba alinipa mimi. Aliandika "ya Zuhura", nani atajua ni moja? Sheikh ataamini. Selemani atanuna, ataamini. Nyumba yangu, bila uongo wa kikundi.

Ila mimi najua nilisema nini siku ile. Kaa na msumari wako. Yeye pia alijua, na hakunilaumu hata mara moja. Nimdhulumu, kwa njaa ya nyumba, mtu aliyenisubiri miaka kumi na moja?

Nimekasirika. Namkasirikia yeye. Angesema! Mwanamume anaongea na bei ya dunia kila asubuhi, anashindwa kuongea na mkewe kuhusu kopo!

Jumapili, 3 Novemba

Nimemwambia Mama mkwe. Nilimkuta anapepeta unga. Nikaweka mbele yake sarafu sita, na ile ndogo, na bahasha. Nikasema nilimdanganya Sheikh. Nikasema ile ndogo alinipa, nikamrudishia kwa maneno mabaya.

Akaendelea kupepeta. Kisha: "Nilijua."

Alizijua zote. Hamisi alimwonyesha kila moja. Na siku ile niliyoikataa ile ndogo alikwenda kwao akakaa ukumbini mpaka magharibi, hakula. Nikamuuliza mbona siku ya Sheikh alinyamaza na mhogo wake.

"Zilikuwa za kusemwa na wewe," kasema. "Nisingesema mimi. Ungekula, ningekuangalia tu unavyokula."

Mwanamke huyu ananitisha. Kisha akaonja mchuzi akasema chumvi haitoshi.

Jumamosi, 9 Novemba

Wamekuja tena. Nimesema kila kitu nyuma ya pazia, tangu spana mpaka kopo. Sauti yangu ilikuwa kavu. Nilisikia Selemani akivuta pumzi.

Sheikh kauliza kuhusu ile ndogo. Alikukabidhi? Ndiyo. Ukaipokea? Hapana, nikamrudishia. Akaiweka kwenye kopo lako, ukajua? Sikujua. Nikamsikia akifunga kitabu. Zawadi haitimii bila kupokelewa, kasema. Hiyo nayo ni ya mirathi.

Nilitegemea hivyo. Bado iliniuma.

Selemani akaomba kuona. Pazia likafunguliwa kidogo, nikazipitisha kwenye sinia. Kabla mtu hajasema kitu, kapasua plastiki ya moja, kaitia mdomoni, kaiuma. Dhahabu ya tisa nne, safi kabisa, laini. Jino la shemeji yangu likaingia kwenye shavu la Mfalme. Kaitoa, kaiangalia kwa furaha. "Ni yenyewe!"

"Nnungu!" Mama mkwe akamwita Mungu kwa Kimakonde. Nami nikacheka. Mara moja, kwa sauti, nyuma ya pazia la edda. Miaka yote ile Hamisi anazishika kwa kitambaa cha miwani! Sheikh akakohoa.

Sarafu zilipoingia kwenye hesabu, mambo yakageuka. Robo yangu na theluthi ya Mama, pamoja, zinaibeba nyumba na bado panabaki. Selemani kachukua sarafu nne, ikiwemo ile aliyoiuma, hilo lilikuwa sharti la mama yake. Kaondoka karidhika, anauliza bei ya leo. Mbili kubwa zimebaki kwetu wawili, kwa paa na kwa uzee. Nyumba ni ya wanawake wawili sasa, mmoja anamkosoa mwenzake.

Ningeficha, ningeishi humu namkwepa kila mtu macho. Najua hilo sasa.

Ile ndogo ilibaki kwenye sinia. Mama mkwe akasema, "Hiyo nihesabieni mimi." Sheikh akamhesabia.

Kisha Mama mkwe akaichukua, akaja nyuma ya pazia, akanishika mkono, akauweka wazi, akaitia.

"Inatoka kwangu sasa. Pokea."

Nikaigeuza kiganjani.

"Sema, Zuhura. Watu wasikie."

"Nimepokea, Mama."

Akaufunga mkono wangu kwa mkono wake wenye unga.

Jumatatu, 18 Novemba

Edda imekwisha. Nimeoga, Mama kanimwagia maji ya karafuu. Nimevaa gauni la rangi ya samli. Majirani wamekuja na wali na vigelegele vichache vya adabu. Niliwahudumia. Nilitabasamu palipotakiwa.

Bado ganzi. Nilidhani itavuliwa pamoja na nguo nyeupe.

Alhamisi, 21 Novemba

Safari yangu ya kwanza nje. Bajaji mpaka mjini, kwa sonara. Jua kali, watu wengi, kila mtu anaongea kwa nguvu.

Nikampa sarafu ndogo, nikamwambia achomelee pete ya kupitishia mkufu. Sonara ni mzee anayejua kazi. Kaipima, kaiangalia kwa kioo, kaniangalia mimi. Akasema hii ni ya kuweka, si ya kuvaa. Nikiichoma, mnunuzi wa sarafu hataitaka tena, ataipima kama dhahabu chakavu. Akanishauri fremu, isiguswe na moto. Maneno ya Hamisi kabisa.

"Choma," nikasema.

Kapasua plastiki. Kawasha moto. Niliangalia mpaka mwisho. Kazi ndogo, muda wa kunywa soda.

Nimerudi naivaa juu ya gauni. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akaniangalia shingo, muda mrefu, akainuka, akaiweka sawa ili Malkia asilale upande.

"Imekupendeza," kasema. "Ungeivaa siku ile, angeiona."

Nikaingia ndani. Nikafunga mlango wa chumba chetu, nikakaa upande wake wa kitanda. Nikalia. Kwa kelele, kama mtu aliyepewa habari leo. Mama hakuja kunibembeleza. Nilimsikia akipepeta mchele, pole pole, mpaka nilipomaliza.

Ijumaa, 22 Novemba

Saa moja simu imelia. BEI. Nimeizima, sikuangalia.

Nimetia uzi kwenye sindano. Koti la yule mteja bado halijapata kifungo. Nikiinama juu ya cherehani, sarafu inagonga chuma, inatoa mlio mdogo. Mama kauliza ni nini hicho kinachogonga.

Nikasema msumari wa Hamisi.