Mwenye Kutoka Ndiye Analipa

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2 mwezi wa kumi
Tena foleni ya maji. Bido tatu. Nikatwanga majani ya sombe, nikamufulia Deo mashati mawili. Moja lilinuka marashi ya ule mwanamuke wake wa mutaa wa Panzi. Nikalifua vilevile. Mujinga mie! Miaka tisa ya ndoa, na mwaka huu wote analipia mwingine nyumba. Basi, imetosha. Nataka divorsi, ndoa ivunjwe. Na nataka imuume.

Siku ya tatu, tarehe 4
Vikwembe vyangu vya kuuza niliviachia maman Noella, jirani wa meza yangu sokoni Kadutu. Nikaenda kuona avoka, anitetee. Kijana, anasema polepole sana. Alinieleza tribinali, makaratasi, vikao vya kupatanisha, hukumu. Kwa hayo nilikuwa tayari. Kisha akauliza:
"Dota ya kukuoa ilikuwa nini?"
Ngombe mbili.
"Ziko kwenu?"
Nikatikisa kichwa. Haziko. Kaka yangu Bahati alioa nazo. Ziliingia kwetu Walungu, hazikumaliza hata mwezi, zikaenda Mumosho kwa wazazi wa Nsimire, muke wake. Sikuwahi kuwaza kama siku moja zitaulizwa.

Siku ya posho, mwisho wa juma, tarehe 7
Nilipanda Walungu. Bahati alikuwa shambani. Akasikiliza, akaweka jembe chini, akakaa juu ya udongo.
Kwetu sisi Bashi desturi inajulikana. Mwanamuke akitoka mwenyewe, familia yake inarudisha ngombe. Mwanaume akimufukuza mbele ya watu, amezipoteza. Bahati hana hata mbuzi. Deo akidai, itabidi zitoke Mumosho, na Nsimire arudi kwa wazazi wake. Iko na mimba ya tatu, masikini. Alinipakulia maharagwe bila kuniangalia.
"Dada, nakuomba, usitoke," Bahati alisema. "Yeye akufukuze."
Mu njia ya kurudi ndipo nilielewa. Kumbe! Ndiyo maana Deo ananisalimia vizuri, hapigi kelele, hanigusi. Anangojea nichoke, nitoke na miguu yangu, halafu adai ngombe zake aoe nazo ule wa Panzi. Mwizi! Utangojea mupaka uote mvi. Sitoki.

Siku ya ine, tarehe 12
Nimeanza. Juzi chumvi mikono mitatu mu sombe. Akala yote, akakunywa vikombe vine vya maji. Niliangalia koo yake inapanda inashuka, nikafurahi sana. Leo nimetandika shati lake la kazi mulangoni, watu wapangusie miguu. Akaruka juu yake: "Bonjour, maman Neema." Ule mutu ni jiwe! Mutoto wetu Neema anacheka mupaka machozi. Iko na miaka saba, anafikiri tunacheza.
Lakini nimepata pa kumupiga. Deo anavumilia kila kitu, isipokuwa haya mbele ya mama yake.

Siku ya Mungu, tarehe 15
Imekwisha.
Nilialika watu kisha misa: mama mukwe, shefu wa avenyu, ule mukubwa wa mutaa wetu, maman Noella na bwana yake. Nilipika kuku wawili. Na ule wa Panzi nilimuita pia. Nilimuandikia na telefone ya Deo, asubuhi, wakati alikuwa anaoga. Akaja mbio, midomo myekundu, na keki mukononi. Nikamukalisha karibu na mama mukwe.
"Mama, huyu ndiye anakula mushahara wa mutoto wako. Mubariki."
Deo alisimama wima. Hakunigusa, lakini sauti ilitoka mupaka kwa majirani:
"Toka! Toka kwangu, wewe na mutoto wako! Sitaki kuwaona tena!"
Shefu akaweka mufupa wa kuku chini. Mama mukwe akashika kichwa. Alijua bei ya yale maneno, akakimbia kumufunga mutoto wake kinywa na mukono. Wapi, amechelewa! Wote walisikia. Ngombe zimebaki Mumosho. Nilipiga vigelegele palepale, mbele yao wote, na sioni haya. Ule wa Panzi alikuwa anatafuta viatu vyake chini ya meza.
Kisha nikageuka nichukue vitu vyangu. Neema alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya ndizi.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 16
Walungu. Mvua kidogo. Nsimire alinipashia maji ya kuoga, akaniita mama yake. Bahati anahadisia majirani, anacheka.
Neema hakukula. Asubuhi aliniuliza yeye alimufanyia papa yake nini. Nikasema hakumufanyia kitu.
"Sasa juu ya nini alinifukuza?"
Nikamuambia papa alinikasirikia mie, si yeye. Akawaza kidogo. Akasema yeye alisikia vizuri, papa alisema: wewe na mutoto wako. Akaomba twende, apige magoti, amuombe papa musamaha.
Nilichukua kitana, nikaanza kumusuka.