Aliyeficha Uso Ukumbini

Mpwa wangu mpendwa,

Kaa chini kwanza ndipo usome, maana anayekuandikia leo si yule mjomba uliyemwacha anafagia ukumbi na kubeba funguo. Anayekuandikia ni mtu ambaye bila yeye, wiki iliyopita, mafundi umeme wa mji huu wote wangebaki bila vyeti. Hujambo lakini? Kile kikohozi kimekuacha? Mkeo na mtoto wanaendeleaje? Sisi huku wazima, isipokuwa mkaza mjomba wako anasumbuliwa na goti, na mimi nasumbuliwa na umaarufu.

Sasa sikiliza. Tume ya ufundi ilikodi ukumbi wetu kwa mtihani wa cheti cha umeme. Akaja mama mmoja mkaguzi, mfupi, miwani inaning'inia kifuani, amekumbatia bahasha zilizofungwa kwa lakiri kama aliyebeba kichanga. Msaidizi wake hakutokea. Alipiga simu kwamba tumbo linamwendesha. Hilo tumbo nililitilia shaka palepale. Tumbo gani linajua tarehe ya mtihani? Nikamwambia yule mama asihangaike, mbele yake amesimama mtu aliyewahi kuwasha umeme wa bwawa zima kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Akanitazama, akatazama saa, akanipa beji.

Mpwa wangu, ukishavaa beji unaanza kuona mambo. Nilibandua kila kitu ukutani: tangazo la zimamoto, zamu za usafi, hata kalenda niliigeuza uso, maana tarehe nazo ni tarakimu. Chupa za maji nilizichuna karatasi zake. Watahiniwa walipoingia niliwakagua mifuko, soli za viatu, mpaka nyuma ya masikio, huku nikiwasimulia lile bwawa. Kijana mmoja alikuwa na plasta kidoleni, nikamwambia aibandue. Kweli palikuwa na kidonda, lakini hicho kidonda nacho nilikitazama mara mbili.

Mtihani ukaanza. Mkaguzi alikaa mezani kule mbele, na mimi kwa adabu ya kazi sikumpa mgongo hata mara moja. Kwenda nyuma ya ukumbi nilikwenda kinyumenyume, kurudi mbele nikatembea kifua mbele kati ya madawati, nimevaa ile fulana nyeusi uliyoniletea kutoka mafunzoni kwako, yenye mapambo meupe mgongoni kama mizizi ya mti. Heshima niliyoipata sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikitupa jicho begani, naona watu wameinua vichwa wananisindikiza kwa macho. Baba mmoja mwenye upara aliniomba hata nisimame kidogo pale mbele yake, eti namkinga na jua la dirishani. Nikasimama. Mtu mzima akikuomba kistaarabu utamkatalia vipi?

Wote waliniheshimu ila mmoja. Mwanamke, wenzake walimwita Mama Pacha wakati wa kuingia. Huyo nikiwa mbele yake tu, anaweka kiganja machoni na kuinama mpaka pua inakaribia kugusa karatasi. Nikirudi nyuma yake, kiganja kinashuka. Nikipita mbele, kinapanda. Nikajisemea, hapa kuna kitu. Mtu asiye na siri anaficha uso wa nini? Nikamwambia afungue kile kiganja: kisafi. Mkono: msafi. Hapo ndipo shaka ikanizidi, maana usafi wa namna ile si wa bure.

Nikamwita mkaguzi, nikamwambia mwizi nimemkamata, ila bado sijajua kaiba nini.

Mama Pacha akasimama. Akasema mbele ya wote kwamba miaka yote amekuwa kibarua wa kuwabebea mafundi ngazi, kwamba hospitali imemwahidi kazi siku atakapopeleka cheti, na kwamba kanuni anaijua: ukitolewa kwa udanganyifu hurudi kufanya mtihani mpaka miaka mitatu ipite. Akaomba asitolewe kwa sababu ya kiganja. Mkaguzi akamuuliza taratibu, sasa uso unauficha nini? Yule mwanamke akanitazama kwa huruma, mpwa wangu, kwa huruma kabisa, akasema alikuwa anaukwepa mgongo wa huyu mzee.

Mkaguzi akavaa miwani, akaniambia nigeuke. Nikageuka. Yule mwenye upara akakohoa.

Kumbe ile mizizi ya mti ni mchoro wa taa ya ngazini, taa moja swichi mbili, moja chini na nyingine juu. Na swali kubwa kuliko yote kwenye karatasi lilitaka mtu achore taa ya ngazini, taa moja swichi mbili. Yaani mimi nimegeuza kalenda ukutani, halafu jibu nalitembeza dawati kwa dawati kama muuza karanga!

Mkaguzi hakupiga kelele. Heri angepiga. Alilifuta lile swali, akafungua bahasha ya akiba, wote wakapewa jingine, na Mama Pacha akaambiwa akae aendelee. Mimi nilitumwa chooni nikaigeuze fulana, upande wa ndani uwe nje, kisha nikawekwa kwenye kiti, mgongo ukutani, nisinyanyuke. Mwenye upara alitazama dari, akatazama dirisha, akanitazama mimi kama mtu aliyepokonywa sahani. Mama Pacha hakuinua kichwa, na alikuwa wa kwanza kuweka kalamu chini.

Alipotoka nikamwomba radhi. Akacheka, akasema yameisha, mzee wangu, ila akaniuliza mtaalamu mzima wa bwawa nilishindwaje kuitambua taa ya ngazi. Nikamjibu kwamba mimi umeme wangu ni ule mkubwa, hii ya majumbani imenitoka. Hakubishana. Akaniambia nikipata shida ya umeme nyumbani nimwite, hatanitoza.

Hata wewe nakushuku. Siku uliponiletea ile fulana ulicheka, ukasema nimependeza. Ulicheka nini? Ukija tena niletee nyingine, ila mgongoni iwe tupu. Msalimie mkeo, mtoto mwambie babu yake ana beji.

Na hili nitakalokwambia liishie kwako. Lile bwawa sijawahi hata kuliona. Balbu ya chumbani kwetu ikiungua, anayepanda kwenye kiti ni mkaza mjomba wako na goti lake hilohilo. Mimi nasimama nje ya mlango, nimevaa ndala za mpira, namuuliza kama tayari.

Ni mimi mjomba wako,
Msimamizi